Wangwa si Bwawa la Chumvi: Uhakiki wa Kiswahili cha Kamera za Pwani

Mtu aliyeketi Dodoma au Kampala leo aweza kuona maji ya bahari yakijaa katika pwani ya Georgia, Marekani, wakati ule ule yanapojaa. Kamera hufungwa juu ya mti au mlingoti, ikaelekezwa kwenye kiota au kwenye hori, na picha zake zikapelekwa mtandaoni usiku na mchana. Mtazamaji huona nyasi zikizama kidogo kidogo, ndege akirudi na samaki, na kaa wakitoka matunduni mwao maji yanapoondoka. Mambo haya yalianza kwa haja ndogo sana. Kamera ya kwanza ya namna hii, iliyowekwa katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1991, ilielekezwa kwenye birika la kahawa, ili watafiti wasiende bure wakalikuta tupu. Picha zake ziliunganishwa na mtandao wa dunia mwaka 1993, na kamera yenyewe ikazimwa mwaka 2001. Tangu birika hilo mpaka kiota cha ndege haja imebaki ile ile: kujua kilichopo mahali pasipo kwenda.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki Kiswahili kinachoambatana na picha hizo. Maelezo ya asili aghalabu huwa kwa Kiingereza, nayo hutafsiriwa ama na watu ama na mashine, kisha yakasomwa na walimu na wanafunzi wetu, na mengine yakaingia magazetini na katika vipindi vya redio. Tumeyasoma mengi. Sarufi yake si mbaya sana. Lakini mtu wa pwani akiyasoma hutambua mara moja kwamba mwandishi hajapata kusimama kwenye matope akayangojea maji. Na bahati mbaya ya mwandishi huyo ni kwamba anaandika kwa lugha ya watu ambao wamefanya hivyo kwa karne nyingi.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Mara nyingi tumekuta kamera hai, picha hai na matangazo hai. Hizi ni tafsiri za neno kwa neno, nazo hazifai. Katika Kiswahili kilicho hai ni kile chenye roho, au kwa kupanuka kwa maana, kile ambacho bado kinafanya kazi: lugha hai, mkataba hai, mwanachama hai. Kamera hai, basi, ingekuwa kamera ambayo haijaharibika. Taabu huzidi pale maelezo yanapohusu viumbe. Msomaji akiambiwa atazame ndege hai, atajiuliza kama wako ndege wafu wanaoonyeshwa penginepo. Tena, kama wajuavyo wanaozifuata kamera hizi, hufika siku kifaranga akafa kiotani mbele ya watazamaji. Hapo mtafsiri wa kamera hai hulazimika kuandika kwamba picha hai inaonyesha kifaranga mfu, na hakuna sarufi iwezayo kumwokoa.

Wenye redio walikwisha kulitatua jambo hili zamani kwa kusema moja kwa moja: mpira unatangazwa moja kwa moja kutoka uwanjani. Msemo huu umezoeleka na ni mzuri. Una kasoro moja tu, kwamba moja kwa moja ni pia kusema kabisa, pasipo kurudi. Hata mtu akiandika kwamba kamera imezimwa moja kwa moja, msomaji hufahamu kuwa haitawashwa tena. Katika miaka ya karibuni vyombo vya habari vya Tanzania vimelishika neno mubashara, ambalo wengine huliandika mbashara. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa neno la ngozi ya mwili. Jambo la mubashara ni lile lifanyikalo pasipo kitu kati, kama ngozi igusavyo ngozi. Mwenye kupenda mzaha atasema kwamba hakuna neno lililo mbali zaidi na mtu anayetazama matope ya Georgia katika kioo cha simu. Sisi hatuoni taabu hapo, maana maneno huacha asili yake njiani. Twapendekeza kamera ya mubashara iwe jina la chombo, na moja kwa moja ibaki kuwa kielezi cha kitenzi: kamera ya mubashara huonyesha kiota moja kwa moja. Walakini picha hizo huchelewa kwa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika na zaidi, kwa ajili ya safari yake mitamboni. Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha sayansi asiseme kwamba mtazamaji huona jambo papo hapo.

Kuhusu kutiririsha, lililoenea kwa maana ya kupeleka picha mfululizo, hatuna ugomvi nalo mahali pengine. Katika habari za maji ni neno la kuepukwa. Tumesoma kwamba kamera fulani inatiririsha maji ya hori kwa saa 24, tukawaza ni bomba la namna gani hilo.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Hapa kosa ni zito zaidi, kwa kuwa maneno tunayo tele na hayakutumiwa. Katika tafsiri nyingi kupanda na kushuka kwa bahari kumeitwa mawimbi: wimbi la juu, wimbi la chini. Wimbi husukumwa na upepo, likaja, likavunjika, na jingine likafuata baada ya sekunde chache. Kujaa na kupwa ni mwendo wa bahari nzima ikivutwa na mwezi na jua. Tangu maji kujaa mpaka kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, na kwa sababu hiyo maji huchelewa kila siku kwa dakika 50 hivi. Siku ya shwari, wimbi hakuna, na maji hujaa vile vile. Nahodha akiambiwa kwamba wimbi la juu litakuwa saa nane, atakifunga chombo chake asitoke. Akiambiwa maji yatajaa saa nane, atajitayarisha kung'oa nanga. Tofauti hiyo yahusu roho za watu. Tahadhari za hali ya hewa hutaja urefu wa mawimbi kwa mita, na haielekei neno la hatari litumike pia kwa jambo ambalo hutokea mara mbili kwa siku na ambalo watoto wa pwani hulichezea.

Kiswahili kimeligawa jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Maji hujaa, maji hupwa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, na hapo huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika pwani ya Zanzibar na Mombasa tofauti ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua kubwa hukaribia mita 4. Kule Georgia ni baina ya mita 2 na 3. Maana yake ni kwamba wasemaji wa Kiswahili wameishi na maji yaendayo mbali zaidi kuliko yale wanayoyatazama katika kamera, na haishangazi kwamba wana maneno mengi zaidi ya kuyasemea. Hata hivyo tumekuta bamvua likiitwa wimbi la chemchemi. Mashine iliona neno la Kiingereza lenye maana mbili au tatu, ikachagua ile isiyo na bahari, na mhariri akaipitisha.

Pwani yenyewe imepata jina lake kutokana na kitenzi hiki, kwa kuwa ni mahali pa kupwa. Chombo kilichoachwa na maji juu ya mchanga kimepwelewa, na mtu aliyekwama katika shughuli zake naye husemwa kuwa amepwelewa. Katika maelezo ya picha moja, iliyoonyesha samaki wadogo katika kidimbwi baina ya nyasi, tulisoma hivi: samaki ambao wameachwa nyuma na maji wakati maji yalipokuwa yanaondoka kurudi baharini. Ni maneno 12. Samaki wamepwelewa, yatosha.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichukulia kuwa dogo, nalo ni saa. Kamera nyingi huandika saa ya mahali pembeni mwa picha, kwa mtindo wa Kiingereza. Mtafsiri huona saa ya usiku iliyoandikwa kwa tarakimu 11, naye akaandika saa 11 usiku. Kwa Mswahili saa 11 za usiku ni karibu na alfajiri. Ile iliyokusudiwa ni saa 5 usiku. Kosa ni la saa sita kamili. Katika habari za harusi kosa kama hilo lingemfanya mgeni akose chakula. Katika habari za maji hugeuza kila kitu juu chini, kwa sababu kutoka maji kujaa mpaka maji kupwa ni saa sita na dakika kumi na mbili hivi. Msomaji huambiwa kwamba bahari imejaa kwa wakati ambapo hori ni tope tupu. Hatukumbuki istilahi nyingine ambayo kosa lake la kawaida kabisa hutoa kinyume kamili cha ukweli kwa usahihi kama huu. Hapo bado hatujataja tofauti ya majira baina ya nchi na nchi: saa 12 asubuhi ya mwezi wa Julai mjini Dar es Salaam, kule Savannah ni saa 5 usiku wa jana yake, na mwalimu aliyeliahidi darasa lake kiota chenye ndege atapata picha ya giza iliyochukuliwa kwa mionzi ya infraredi.

Jambo lililotufanya tushike kalamu hasa ni jina la ardhi inayoonyeshwa. Katika pwani za nchi zisizo na joto kama letu, mahali ambapo kwetu pangeota mikoko huota nyasi na mimea mifupi istahimiliyo chumvi. Georgia ina sehemu kubwa ya ardhi ya namna hii, yapata theluthi moja ya yote iliyobaki katika pwani ya mashariki ya Marekani. Nyasi yake kuu ni ile iliyojulikana kwa jina la kitaalamu la Spartina alterniflora, ambayo sasa wataalamu wengi huiweka katika jenasi ya Sporobolus. Maji yakijaa, konokono wadogo hupanda mabua ya nyasi ili kuwakwepa kaa na samaki wanaoingia pamoja na maji. Yakipwa, hutoka kwa maelfu kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa na jingine dogo. Jamaa zao tunao sisi pia, chini ya mikoko yetu. Katika kisiwa cha Sapelo Chuo Kikuu cha Georgia kilianzisha kituo cha utafiti mwaka 1953, na mengi yajulikanayo ulimwenguni juu ya ardhi hizi yalitoka huko. Na katika kisiwa cha Skidaway, karibu na Savannah, ukingoni mwa nyasi hizo, ndipo ilipofungwa kamera iliyopata watazamaji wengi, kwa ushirikiano wa Cornell Lab of Ornithology na Skidaway Audubon. Mwaka 2015 ilionyesha bundi wakubwa wakilea vifaranga katika kiota kilichoachwa na tai, na baadaye wakaja ndege wala samaki wakakitumia.

Kwa Kiswahili ardhi hii tumeiona ikiitwa bwawa la chumvi, ziwa la chumvi, mbuga ya chumvi na kinamasi cha chumvi. Majina manne kwa kitu kimoja, na katika tafsiri moja mawili yalikuwa katika ukurasa mmoja.

Ziwa na mbuga tuziache, maana hakuna atakayezitetea. Bwawa la chumvi ndilo lililoenea, na ndilo baya kuliko yote. Bwawa ni maji yaliyosimama. Maji ya ardhi hii huingia na kutoka mara mbili kwa siku. Zaidi ya hayo, bwawa la chumvi tunalo, na wenyeji wa Bagamoyo, Tanga na Gongoni wanalijua vizuri: ni lile lililochimbwa na kuzungushiwa kingo, maji ya bahari yakaingizwa, yakakaushwa na jua, chumvi ikabaki. Wengi huliita pia shamba la chumvi. Mabwawa ya namna hiyo mara nyingi huchimbwa katika uwanda wa pwani ulio nyuma ya mikoko, na hivyo ardhi ya asili inapewa jina la kitu kilichokuja kuiondoa. Mwanafunzi atakayeamini tafsiri hii atafahamu kwamba ndege wa Georgia huishi kiwandani.

Kinamasi cha chumvi ni afadhali. Kina lake la kujitetea, kwa sababu ardhi kweli ni chepechepe na kweli ina chumvi. Lakini hakitaji bahari. Kandokando ya ziwa Natron na ziwa Eyasi iko ardhi chepechepe yenye chumvi na magadi, nayo iko mbali na pwani kwa mamia ya kilomita. Kinamasi cha chumvi kingeihusu ardhi hiyo barabara. Chumvi, kwa hiyo, haitoshi kuwa kiini cha istilahi. Kinachoifanya ardhi ya Georgia iwe kama ilivyo ni kujaa na kupwa.

Wenyeji wa Georgia wenyewe walifika hapo kwa njia ya sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1960 lilitolewa pendekezo la kuchimba fosfeti katika pwani hiyo, watu wengi wakalipinga, na mwaka 1970 jimbo likapitisha sheria ya kuzilinda ardhi hizi. Waliotunga sheria walilazimika kueleza wanalinda nini, na maelezo yao yanafaa kusomwa na kila mtunga istilahi. Waliieleza ardhi kwa kimo cha maji: ni ile ambayo uso wake hauzidi futi 5.6, yaani kama mita 1.7, juu ya usawa wa wastani wa maji ya kujaa na kupwa. Wakaongeza orodha ya mimea inayoota humo. Kwanza maji, kisha mimea. Wanasheria wa Marekani wakafikia mahali alipokwisha kufika mvuvi wa Pemba bila kipimo.

Maana neno tunalolipendekeza ni wangwa, wingi wake nyangwa. Katika matumizi ya pwani wangwa ni uwanda ulio karibu na bahari ambao maji huufikia yanapojaa sana, hasa wakati wa bamvua, na siku nyingine huachwa wazi ukakauka, pengine ukameta chumvi. Aghalabu huwa nyuma ya mikoko. Huko Pemba neno hili liko vinywani mwa wakulima wa mpunga, ambao huona maji ya bahari yakiingia katika mabonde yao na kuyageuza wangwa. Hili si neno la kufufuliwa kutoka katika kamusi ya kale. Lina wenyewe, na wenyewe wangali wanalitumia.

Pingamizi la kwanza tunalijua, kwani limekwisha kutolewa katika mazungumzo yetu na wenzetu. Wangwa mwingi ni mtupu, ilhali ardhi ya Georgia ni kijani kama shamba la mpunga. Tena sehemu zake za chini hufikiwa na maji kila siku, wakati wangwa wetu hungoja bamvua. Hoja hii ni ya haki na haifai kupuuzwa. Kwetu jua kali huyakausha maji yaliyobaki uwandani, chumvi ikazidi, mimea ikashindwa isipokuwa pembezoni. Na sehemu za chini, zifikiwazo na maji kila siku, mikoko imekwisha kuzichukua. Lakini mtu akipanda mpaka sehemu za juu za ardhi ya Georgia, zifikiwazo na maji ya bamvua tu, atakuta mabaka matupu yenye chumvi, na pembeni mwake mimea minene ya majani mafupi. Mkulima wa Pemba akionyeshwa mabaka hayo katika kamera atayaita wangwa bila kusita. Neno letu, basi, limo ndani ya ardhi hiyo tayari. Tunachofanya ni kulipanua literemke mpaka kwenye nyasi. Kwa hiyo twapendekeza wangwa wa nyasi kwa ardhi ya namna ya Georgia, wangwa mtupu kwa ule usio na mimea, na wangwa peke yake kwa jamii nzima. Kapa liendelee kuwa la mikoko. Mifereji ya maji inayoukata wangwa iitwe mahori, jina ambalo pwani inalo.

Pingamizi la pili ni kwamba msomaji wa bara halijui neno hili na atalidhania kuwa ni jangwa. Kutolijua si hoja, kwa maana msomaji huyo huyo alijifunza ngalawa, kaskazi na bamvua akiwa darasani, wala hakuna aliyependekeza kaskazi iitwe upepo wa juu. Kuhusu jangwa tunakubali kwamba sura za maneno haya zinakaribiana, na wako wanaoyachukulia kuwa ndugu. Hofu hii tunaipa uzito kwa sababu ambayo wapingaji wenyewe hawakuitaja. Ardhi iliyoitwa jangwa hugawiwa upesi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 uliletwa mradi mkubwa wa kufuga kamba wa baharini katika delta ya Rufiji. Ulizusha ubishi mkali na haukutekelezwa. Ubishi wa namna hiyo huwa pia ubishi wa maneno: ardhi ile ni ya nini, nani anaitumia, na je, ni tupu? Anayeitazama kwa mara ya kwanza wakati maji yamepwa huona tope na weupe wa chumvi, naye akaandika katika ombi lake kwamba eneo halitumiki. Anayeijua huona kwamba ndipo ndege wanapopumzika matope ya chini yanapofunikwa na maji, na kwamba maji ya bamvua yakizuiwa kuingia humo yatatafuta njia nyingine, pengine katika mashamba ya watu. Hati ikiandikwa ardhi tupu, wa pili hana mahali pa kusimamia. Ikiandikwa wangwa, na wangwa ukafafanuliwa kuwa ni ardhi ya bahari ijaayo na kupwa, mwombaji atalazimika walau kueleza maji yataenda wapi. Ndiyo sababu hatukubali kwamba ubora wa istilahi hii ni jambo la watazamaji wa ndege peke yao. Mtoto anayejifunza leo, kwa kuitazama Georgia, kwamba ardhi hiyo ni bwawa la chumvi, ndiye atakayekaa kesho katika ofisi ya ardhi ya wilaya ya pwani.

Kuhusu ndege tutasema machache. Yule mla samaki wa Skidaway, Pandion haliaetus kwa jina la kitaalamu, ameitwa tai, kipanga, mwewe na furukombe katika kurasa zilizo jirani. Mwewe na kipanga si wake. Furukombe, kama lielezwavyo kwa kawaida, ni jina la ndege mkubwa wa jamii ya tai alaye samaki, na maelezo hayo yanawatosha ndege wawili: huyu, na yule mwenye kichwa cheupe ambaye sauti yake husikika katika maziwa na mito yetu. Tofauti yao huonekana wakati wa kuwinda. Yule wa kwetu hunyakua samaki juujuu. Huyu hujitupa majini miguu ikitangulia, na mara nyingine huzama mwili mzima. Twapendekeza aitwe furukombe mpiga mbizi, nasi tutafurahi kulifuta jina hili akitokea mtu mwenye bora zaidi, maana ni refu na halina utamu mdomoni. Wala asichukuliwe kuwa mgeni wa mbali. Ndege wa jinsi hii huja katika pwani na maziwa ya Afrika ya Mashariki wakati wa baridi ya kaskazini.

Vivyo hivyo kwa ndege wa matope. Sululu na kitwitwi ni majina yaliyopo, na yanatosha kabisa kwa wengi wa wale wanaopita mbele ya kamera za Georgia wakidonoa. Pluvialis squatarola, ambaye huzaliana karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, hukaa wakati wa baridi katika pwani ya Georgia na vile vile katika pwani ya Kenya na Tanzania. Tumekuta akielezwa kwa wanafunzi wetu kuwa ni ndege wa Kimarekani, hali mwanafunzi wa Malindi angeweza kwenda kumwona kwa miguu baada ya masomo, maji yakipwa.

Mapendekezo haya tutayawasilisha katika kikao cha istilahi pamoja na fasili zake. Kabla ya hapo tungependa kupata barua za wasomaji wa Pemba, Unguja, Mafia, Kilwa, Tanga, Lamu na Pate, na za mabaharia waliohamia Oman na kwingineko, watuambie wangwa wa kwao unaanzia wapi na unaishia wapi, na kama wanatofautisha kwa majina wangwa ufikiwao na kila bamvua na ule ufikiwao mara moja moja kwa mwaka. Watuletee pia jina la yule kaa mwenye gando moja kubwa. Katika tafsiri ameitwa kaa mpiga fidla, na hatuamini kwamba watu waliomkanyagia njia yake tangu utotoni walingoja fidla ije ndipo wampe jina.